Kuhifadhi Si Kukinga: Istilahi za Diski na Kazi ya Mafundi

Jijini Mwanza lipo eneo la biashara liitwalo Makoroboi. Jina hilo latokana na koroboi, yaani taa ndogo za mafuta ambazo mafundi wa hapo walizitengeneza kwa makopo na mabati chakavu. Kandokando ya Ziwa Victoria limeenea pia neno mwalo, yaani mahali wavuvi wapakuapo samaki, nalo leo hutumika hata katika nyaraka za Serikali zihusuzo uvuvi. Maneno hayo yalitoka kwa watu wenye kukishika kitu chenyewe, nayo yamedumu kwa sababu kila moja lataja kitu kimoja bila kukichanganya na kingine. Makala haya yanakusudia kuzipima kwa kipimo hichohicho baadhi ya istilahi zetu za diski.

Kwa ajili ya uchambuzi tutatumia mtambo mmoja ambao ndani yake dhana hizi zinajitenga waziwazi. Tarehe 21 Februari 1986 kampuni ya Nintendo ilianza kuuza nchini Japani chombo kiitwacho Famicom Disk System, ambacho kiliunganishwa na mtambo wa michezo ya televisheni. Chombo hicho hakikuuzwa rasmi nje ya Japani, na hata kama kingefika Mwanza mwaka huo kisingekuwa na manufaa makubwa: Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na uingizaji wa kompyuta ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 1974. Hata hivyo, somo lake latufaa.

Diski za mtambo huo zilikuwa za sumaku, na data zake zilipangwa katika mstari mmoja wenye kujizungusha kama mfuo wa santuri. Kichwa kilisoma tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Mwenye diski aliweza kuipeleka dukani, na kwa yeni 500 akaandikiwa mchezo mwingine juu ya ule wa zamani. Nyumbani nako mtambo uliweza kuandika, lakini kwa kiasi tu: hatua aliyofikia mchezaji, au alama alizopata. Katika matoleo ya baadaye iliongezwa saketi ya kuzuia diski nzima isiandikwe.

Leo wapenzi wa mitambo hiyo, wakitaka kuziokoa diski zilizofifia, huufungua mtambo. Kwanza hubadilisha mkanda wa mpira uzungushao diski, kwani mkanda huo huharibika kwa uzee. Kisha hutambua ni toleo lipi la saketi, hukata njia ya umeme ya kizuizi, na kulehemu waya ili amri ya kuandika ikifikie kichwa. Yafaa msomaji azingatie kwamba kichwa ni kilekile na mota ni ileile. Kilichobadilika ni ruhusa. Kwa hiyo basi, tunahitaji maneno yanayotenganisha uwezo, tendo na ruhusa.

(a) Kuandika. Tukisema "andika diski", msikilizaji aweza kuchukua kalamu na kuandika jina juu ya karatasi ya nje. Ni bora kusema "kuandika data kwenye diski". Sarufi yetu yatupa pia kauli ya kutendeka: "diski inayoandikika" ni ile yenye uwezo wa kuandikwa. Kauli ya kusababisha haifai hapa, kwa kuwa "kuandikisha" kumekwisha kupata maana ya kusajili.

(b) Kunakili. Kuandika ni tendo la kichwa cha mtambo. Kunakili ni uhusiano baina ya kazi mbili, ya asili na nakala yake. Mtu aweza kuandika kwenye diski kazi yake mwenyewe bila kunakili ya mwenziwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inahusika na hilo la pili. Mtumishi aandikaye tangazo la kukataza "kuandika diski", hali alikusudia "kunakili", amekataza kazi halali. Neno "kuchoma", litumikalo sana mitaani, lafaa kwa diski za mwanga, maana huko miale ndiyo ifanyayo kazi. Kwa diski za sumaku halina msingi.

(c) Kuhifadhi na kukinga. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Kitenzi "hifadhi" kimezoeleka kwa maana ya kuweka data ili zisipotee. Lakini katika Kiswahili cha kawaida chamaanisha pia kulinda. Tuchukue mfano wa karani wa mwalo ambaye ametia katika kompyuta uzito wa sangara na dagaa wa siku nzima. Anaamuru data ziwekwe kwenye kadi ya kumbukumbu ambayo swichi yake ndogo ya ubavuni imefungwa. Kompyuta inamjibu: "Kadi imehifadhiwa." Mfasiri alikusudia kusema kwamba kadi imezuiwa isiandikwe, karani anaelewa kwamba kazi imekamilika. Anazima kompyuta, na hesabu ya siku nzima inapotea. Twapendekeza "hifadhi" ibaki kwa kuweka data peke yake, na "kinga" itumike kwa kuzuia: "Kadi imekingwa, data hazikuandikwa."

(d) Kiendeshi. Neno hili hutumika kwa mtambo uzungushao diski, na pia kwa programu iwezeshayo kompyuta kukitumia kifaa. Fundi aliyeambiwa "badilisha kiendeshi" hajui kama achukue bisibisi au la. Yafaa mtambo uitwe "kiendesha-diski", na programu iitwe "programu-endeshi".

(e) Kuchakachua. Neno hili, ambalo lilivuma sana wakati wa uchaguzi mkuu wa mwaka 2010, limetumika pia kwa kufungua modemu zilizofungwa na kampuni za simu. Lakini limebeba lawama: mafuta yaliyochakachuliwa ni mafuta yaliyoharibiwa. Fundi aliyeondoa kizuizi ili kuokoa diski ya mwenyewe hajaharibu kitu. Mwalimu na atumie "kurekebisha" au "kuondoa kinga", na hukumu ya uhalali aiachie sheria.

Mapendekezo haya yajaribiwe karakanani kabla ya kutiwa katika orodha. Mfasiri amsomee fundi sentensi yake, kisha amtazame anafanya nini kwa mikono. Na wale wanaotafsiri miongozo na majibu ya kompyuta kwa ajili ya ofisi za umma, waanze kwa kukagua kila mahali walipoandika "imehifadhiwa".