Nishati safi ya kupikia Mara: Kazi si kupata mtungi, kazi ni kuujaza tena

Ni saa 11 alfajiri. Katika nyumba nyingi za vijijini Butiama, kazi ya kwanza ya mama ni kupuliza moto kwenye mafiga ili uji uive kabla watoto hawajaondoka kwenda shule.

Mtoto mchanga yuko mgongoni. Kaka yake wa miaka mitatu amechuchumaa pembeni, anaota moto. Moshi unapozunguka kutafuta pa kutokea, wote watatu wanauvuta.

Mjini Musoma na Bunda mambo yanatofautiana kidogo tu. Huko mafiga yamelipisha jiko la mkaa, mkaa unanunuliwa kwa kopo na jiko linawashwa barazani. Mvua ikianza, linaingizwa ndani.

Hali hiyo ndiyo Serikali imeahidi kuibadilisha. Mei 8, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Lengo hilo ni la Taifa, lakini haliwezi kutimia bila halmashauri. Manispaa ya Musoma, Bunda, Butiama na nyingine zote mkoani Mara zinatakiwa kuliingiza katika mipango na bajeti zao. Na mwisho wa safari yake ni kwenye sufuria ya kila nyumba.

Suala hili huzungumzwa zaidi kama la mazingira na kuokoa miti. Kwa mzazi, ni la afya ya mtoto kwanza.

Moshi na kifua cha mtoto

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilihusishwa na vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa Tanzania, takwimu zinazotumiwa na Serikali zinataja vifo takriban 33,000 kila mwaka.

Mtoto anaumia zaidi kwa sababu anapumua haraka kuliko mtu mzima, mapafu yake bado yanakua, na muda mwingi yuko karibu na mama anayepika. WHO inaeleza kuwa kuishi katika moshi wa jikoni huongeza karibu mara mbili hatari ya mtoto kupata homa ya mapafu. Kwa mjamzito, moshi huohuo unahusishwa na kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu.

Mkaa nao, hata usipotoa moshi unaoonekana, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Ndiyo maana jiko la mkaa halipaswi kabisa kuachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa ambamo watu wamelala.

Mzazi anapoona mtoto anakohoa, amvue nguo ya juu akiwa ametulia na ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni dalili ya hatari. Kwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja ni 50 au zaidi, na kwa wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Mtungi uliogeuka pambo

Ili kuwavuta wananchi, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa ruzuku ya asilimia 50. Familia nyingi zimepata mtungi wa kwanza kwa njia hiyo. Kazi huanza gesi inapoisha.

Kipato cha familia nyingi za Mara ni cha siku kwa siku. Mama anayeuza dagaa Mwigobero, kijana wa bodaboda Bunda mjini na kibarua wa shambani Butiama wote hupata fedha kidogo kidogo. Kopo la mkaa linaendana na kipato hicho, kwani linanunulika leo kwa fedha ya leo. Kujaza mtungi kunataka fedha nyingi kwa mara moja, siku ambayo pengine mtoto anadaiwa daftari.

Hapo ndipo mtungi unapowekwa nyuma ya mlango na jiko la mkaa kurudi barazani. Si uvivu wala kutokujua faida, ni hesabu iliyogoma.

Njia moja ya kuilainisha ni kuanza kuweka akiba siku ileile mtungi unapojazwa. Familia iliyokuwa ikinunua kopo la mkaa kila siku iendelee kutoa fedha hiyo, au hata nusu yake, na kuiweka kwenye kibubu au kwenye simu. Akina mama walio kwenye vikoba wanaweza kukubaliana kuwa na mfuko mdogo wa gesi, wakajaziana mitungi kwa zamu.

Anayeishi mbali na wakala ana mzigo mwingine, nauli ya kupeleka mtungi. Mzigo huo hauishi kwa kibubu. Unahitaji wakala kijijini, na halmashauri ina nyenzo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kimoja kikifungua duka la gesi kijijini, nauli hiyo inapungua.

Maharage kwa umeme

Gesi si njia pekee. Bwawa la umeme lililoko Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limepewa jina la Julius Nyerere, mwana wa Butiama. Wengi wenye umeme nyumbani bado wanautumia kwa taa, simu na televisheni tu, wakiamini kupikia ni gharama.

Jiko la kawaida la koili kweli hula uniti. Jiko la umeme la presha ni tofauti, kwa kuwa hufunga joto ndani na kujizima lenyewe. Kuchemsha maharage ya familia hutumia chini ya uniti moja. Mteja wa kawaida wa nyumbani hulipa takriban Sh356 kwa uniti, na wa matumizi madogo takriban Sh122. Mzazi alinganishe na mkaa unaoteketea kwa sufuria hiyohiyo.

Aliye kwenye kundi la matumizi madogo afuatilie uniti zake, kwani akivuka 75 kwa mwezi bei hupanda. Hata hivyo, si lazima kuacha kila kitu kwa siku moja. Kuhamishia kwenye umeme vyakula vya kukaa motoni muda mrefu, kama maharage na makande, tayari kunampunguzia mtoto saa kadhaa za moshi.

Kuni za shule

Jikoni kwa shule nako kunamhusu mzazi. Katika shule nyingi, mchango wa chakula cha mchana ni mahindi, maharage na kuni, na mara nyingine mwanafunzi ndiye anayezibeba. Mpishi wa shule naye ni mama wa mtu, na anasimama kwenye moshi mkubwa kuliko wa nyumbani.

Serikali ilikwisha kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa. Agizo bila fedha ya jiko jipya hubaki karatasi, na majirani wameonja hilo. Wilaya ya Kasese nchini Uganda iliandaa mkakati wake mwaka 2012, ikilenga wakazi wote watumie nishati jadidifu ifikapo 2020. Mwaka huo ulifika na kupita, kuni zikiwa bado kwenye meko za familia nyingi. Kisumu, ng'ambo ya Ziwa Victoria, nayo imeandaa ramani yake ya kuelekea nishati jadidifu kwa asilimia 100.

Ili ya Mara isiishie kwenye makabrati, wazazi waulize mapema. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mipango ya halmashauri hutakiwa kuanzia kwenye mitaa na vijiji miezi kadhaa kabla. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo mzazi anaweza kuuliza: Shule yetu imetengewa kiasi gani kwa ajili ya jiko? Zahanati yetu ina umeme wa uhakika? Mitungi iliyogawiwa mwaka jana, mingapi imejazwa tena?

Swali hilo la mwisho ndilo kipimo. Mitungi inayogawiwa huhesabika siku ya sherehe, inayojazwa huhesabika kwenye kifua cha mtoto.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Familia ikiweka akiba, shule ikaacha kudai kuni na halmashauri ikatenga fedha, chungu kitakaa. Likikosekana figa moja, mama wa Butiama ataendelea kupuliza moto saa 11 alfajiri, mtoto akiwa mgongoni.