Arjuna: Jina Ling'aralo

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Huko India liko jina ambalo maana yake yenyewe ni kung'ara, nalo ni Arjuna, au Arjun kama wengi walitamkavyo leo. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya huko, neno hilo ni weupe na mng'ao wa fedha. Hata mti mmoja mkubwa wenye gome jeupe huitwa arjuna.

Kwa desturi ya Wahindu, mtoto hupewa jina katika ibada iitwayo namakarana, siku chache baada ya kuzaliwa, akanong'onezwa sikioni. Anong'onezwaye jina hili hukabidhiwa urithi wa askari.

Maana Arjuna ndiye mpiga upinde mkuu katika utenzi wa Mahabharata. Husimuliwa kwamba mwalimu wake, Drona, aliweka sanamu ya ndege mtini, akawauliza wanafunzi wanaona nini. Wenzake waliona mti, ndege na watu waliosimama. Arjuna alijibu kwamba aona kichwa cha ndege tu. Ndipo alipoamriwa kupiga, naye hakukosa.

Lakini shabaha siyo sifa yake pekee. Katika uwanja wa Kurukshetra, alipowaona jamaa na walimu wake upande wa adui, upinde ulimponyoka mkononi. Mazungumzo yake na Krishna, mwendesha gari lake la vita, ndiyo Bhagavad Gita, yenye sura 18. Wala utenzi haumfichi doa: alimwua Karna wakati gurudumu la gari la mpinzani huyo lilipokuwa limezama ardhini.

Baada ya vita vya siku 18, Arjuna na Ashwatthama, mwana wa Drona, walirusha silaha za maangamizi. Wazee wenye hekima waliwasihi wazirudishe. Arjuna aliirudisha yake, Ashwatthama hakuweza.

Mwaka 1961 Serikali ya India iliwaanzishia wanamichezo wake Tuzo ya Arjuna, na jeshi lake lina kifaru kiitwacho Arjun.

Ndugu askari, sisi twaona kwamba uzito wa jina hili umo katika silaha ile iliyorudishwa. Kufyatua hujifunza wengi. Ajuaye pia kuzuia mkono wake ndiye raia humlalia usingizi bila hofu, na ndiye jina lake hung'ara.