Herufi U na majukwaa ya Ngomeni

Nilipoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari mjini Wajir, niliwauliza neno "Uhuru" ni jina la vitu gani. Walinitajia bustani ya Nairobi na barabara kuu iliyo kando yake. Kijana mmoja akamwongeza Rais wa nne, darasa likaangua kicheko. Hapana aliyetaja setilaiti. Sikuwalaumu, kwani hata mwalimu wao alinitazama kana kwamba naota mchana.

Na Wajir ina haki ya kukijua kisa hiki. Mnamo Juni 1940 ndege za Italia ziliushambulia mji huu kwa mabomu. Miaka 27 baadaye Waitalia walirusha chombo kingine katika anga ya Kenya, safari hii kwa heri. Kiongozi wao alikuwa Luigi Broglio, mhandisi na mwanajeshi wa anga aliyezaliwa Mestre, jirani na Venice, mwaka 1911. Alitaka mahali karibu na Ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi, na penye bahari upande wa mashariki ili mabaki yaangukie majini. Kwa sharti la kwanza Wajir ingemfaa kabisa. La pili ndilo lililotunyima. Akachagua Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, akasimamisha majukwaa yake baharini. Setilaiti ya San Marco 2 iliruka kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967.

Kisha, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, ikarushwa papo hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Ndiyo ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Nobeli mwaka 2002. Orodha ya nne ya Uhuru, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya miali hiyo, na jina la kila kimoja huanza na 4U. U hiyo, msomaji, ni ya Uhuru. Mimi mwanaisimu sijui mnara wa Kiswahili uliofika mbali kuliko herufi hiyo, ijapokuwa nashuku kwamba wengi wanaoiandika hawajui imetoka lugha gani.

Broglio alifariki mwaka 2001, na kituo cha Malindi sasa kinaitwa kwa jina lake. Amestahili. Je, Wakenya waliofanya kazi pale, waliopika, waliolinda, walioendesha mashua? Roketi ya mwisho iliruka Machi 1988. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya San Marco 2 sasa anakaribia 80, na chumvi inaendelea kuyala majukwaa.

Wazee wa Wajir hutaja nasaba za mababu zao bila kutazama karatasi, kwa sababu tangu utotoni walihojiwa na kusahihishwa. Walimu wa Kilifi wanaweza kuwatuma wanafunzi Ngomeni na vinasa sauti, kisha kanda hizo zipelekwe katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Kazi hiyo haihitaji mhandisi.

Nilipomaliza, msichana wa safu ya nyuma aliniuliza mashua iliyowavusha watu siku ile ya Desemba ilikuwa na nahodha gani. Sikuwa na jibu.