Anaipenda Kazi, Lakini Anaondoka

Katika mchezo wa bochia, mchezaji ambaye mtindio wa ubongo umemnyima nguvu za kurusha mpira huuteremsha kwenye mfereji maalumu. Msaidizi wake, ambaye mara nyingi ni kocha au mzazi, huushika mfereji huo akiwa ameupa uwanja mgongo. Haruhusiwi kugeuka kutazama. Mchezaji ndiye anayeamua: kushoto kidogo, inua, shusha. Hapo ndipo ilipo sehemu ngumu ya ukufunzi wa michezo ya watu wenye ulemavu: kumjua mtu vizuri kiasi cha kumsaidia bila kumchukulia uamuzi wake.

Korea Kusini imeumudu mchezo huu kuliko nchi nyingi. Kuanzia Paralimpiki ya Seoul 1988 hadi ya Paris 2024, haijakosa dhahabu ya bochia hata mara moja. Nchi hiyo pia ina wakufunzi wanaozunguka shule maalumu, vituo vya ustawi na kumbi za mazoezi, na tangu 2015 fani yao ina leseni ya taifa. Hata hivyo, kwa miaka mingi wengi wao wamefanya kazi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Watafiti wa huko wamekuwa wakichunguza jambo linalotatanisha: kwa nini mtu anayesema anaipenda kazi yake huiacha?

Sehemu ya jibu ni ya zamani. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200. Walihitimisha kwamba furaha na kero kazini zina vyanzo tofauti. Furaha hutoka ndani ya kazi: mafanikio, kutambuliwa, kupewa jukumu. Kero hutoka katika mazingira yake: mshahara, usimamizi, wasiwasi wa ajira. Wakosoaji walisema watu hupenda kujisifu kwa mema na kuyalaumu mazingira kwa mabaya, na hoja hiyo ina uzito. Lakini kwa mkufunzi wa wanamichezo wenye ulemavu tofauti hiyo ni dhahiri. Mtoto aliyeogopa maji akiogelea leo, mwalimu wake hufurahi kweli, ila furaha hiyo hailipi kodi ya nyumba.

Mwaka 1977 mtafiti William Mobley alieleza kuacha kazi kama safari ya hatua kadhaa: mtu huchoshwa, hufikiria kuondoka, hupima hasara, hutafuta kwingine, hulinganisha, kisha huamua. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa nia ya kuondoka hutabiri kuondoka vizuri zaidi kuliko kiwango cha kuridhika. Sasa tazama mkataba wa mwaka mmoja unavyofanya. Unamrusha mkufunzi hadi hatua ya kutafuta kwingine hata kama hajachoshwa na chochote. Kila mkataba unapokaribia kwisha, mwenye familia hana budi kuulizia nafasi nyingine, na anayeulizia hupata.

Akiondoka, anaondoka na ujuzi ambao haumo katika faili. Mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu hatoki jasho ipasavyo chini ya jeraha, hivyo mwili wake hupata joto haraka. Mkufunzi aliyemzoea huziona dalili mapema, akamtoa juani na kumpooza kwa maji. Mtoto mwenye usonji asiyezungumza huenda alichukua miezi kumkubali mwalimu mmoja tu. Mgeni huanza upya, na anayelipa gharama ni mchezaji.

Kwa hiyo tuache kuwasifu wakufunzi hawa kwa moyo wa kujitolea huku tukiwaajiri kama vibarua. Chama, shule au halmashauri inayotaka wabaki iwape mikataba ya miaka kadhaa, nauli, msaidizi wa kubeba vifaa na ngazi ya kupanda cheo. Upendo wa kazi tayari wanao. Kinachokosekana ni ajira ya kuaminika.