Pointi za 'mteja mwaminifu': Namba zapanda, thamani yashuka

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

MKAAZI wa Unguja anayesafiri mara kwa mara kwenda Muscat, Doha au Nairobi, kwa biashara au kwa kutembelea jamaa, aghalabu huwa mwanachama wa mpango mmoja au miwili ya pointi za wasafiri. Kila safari humwongezea pointi kadhaa, na kila baada ya muda hupelekewa ujumbe wa kumjulisha jumla aliyofikia.

Siku anapotaka kuzitumia hukuta mambo mengine. Tiketi aliyoikusudia imepanda bei kwa hesabu ya pointi, viti vilivyotengwa kwa wanachama vimekwisha, au sehemu ya pointi zake imefutwa kwa kupitiwa na muda.

Manung'uniko ya aina hii yameenea katika Afrika Mashariki na duniani kote, wala hayahusu ndege peke yake. Yamo katika simu za mkononi, hoteli na maduka makubwa. Jumla inayosomeka kwenye simu ya mteja huzidi kukua, ilhali kile ambacho jumla hiyo inaweza kununua huzidi kupungua.

Ili kuelewa sababu zake, yafaa kwanza kufahamu pointi ni kitu gani. Pointi si fedha. Ni ahadi ya kampuni kwamba siku zijazo itampa mteja huduma au bidhaa fulani. Ahadi hiyo huandikwa na upande mmoja, na karibu kila mpango una kifungu kinachoiruhusu kampuni kubadilisha masharti. Mteja hukubali kifungu hicho siku anapojiandikisha, na ni wachache mno wanaokisoma.

Mtindo huu ulipata nguvu Mei 1, 1981, wakati shirika la ndege la American Airlines la Marekani lilipoanzisha mpango wa AAdvantage. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imeacha kupanga nauli miaka michache nyuma, na mashirika yakawa yanagombea abiria. Shirika la United lilifuata ndani ya siku chache. Lengo lilikuwa kumfunga abiria asihamie kwa mshindani, na hesabu ilikuwa nyepesi: ukiruka maili moja, unaandikiwa maili moja.

Afrika Mashariki mtindo huo ulifika kwa watu wengi kupitia simu. Safaricom ya Kenya ilianzisha Bonga Points mwaka 2007, ambapo mteja alipata pointi moja kwa kila shilingi 10 za Kenya alizotumia. Nchini Tanzania, Vodacom nayo ilileta mpango wa Tuzo Pointi, na wateja wakazoea kubadilisha pointi kwa dakika za maongezi au vifurushi.

Jinsi thamani inavyoshuka

Kampuni inayotaka kupunguza thamani ya pointi haina haja ya kugusa akiba ya mteja. Aliyelala na pointi 40,000 ataamka nazo zote. Kinachobadilika ni bei ya kitu kinachonunuliwa kwa pointi hizo, au namna ya kuzipata, au muda wa kuzitumia.

Mfano ulio wazi kwa wasafiri wa Zanzibar ni ule wa Flying Blue, mpango wa Air France na KLM ulioanza mwaka 2005. Kenya Airways, inayounganisha Zanzibar na Ulaya kupitia Nairobi, iliutumia mpango huo kwa miaka mingi kabla ya kuanzisha wake wenyewe uitwao Asante Rewards.

Hadi mwanzoni mwa 2018, Flying Blue ilihesabu maili kwa umbali wa safari na daraja la tiketi. Nairobi na Amsterdam zimeachana kwa maili zipatazo 4,100. Abiria aliyenunua tiketi inayompa maili kamili alirudi nyumbani na maili zaidi ya 8,000 kwa safari ya kwenda na kurudi katika sehemu hiyo pekee.

Kuanzia Aprili 2018 hesabu iligeuzwa ikafuata fedha. Mwanachama wa ngazi ya chini alipewa maili nne kwa kila yuro moja ya nauli, mbali na kodi za serikali. Tuchukulie nauli hiyo ni yuro 700: abiria yule yule, katika ndege ile ile, anaandikiwa maili 2,800.

Haki itendeke hapa, kwa sababu mjadala huu mara nyingi huelezwa kana kwamba kila mtu alipoteza kwa kiwango kimoja. Mfumo wa zamani ulikuwa ukitoa robo tu ya maili kwa tiketi za bei ya chini kabisa. Aliyenunua tiketi hizo alikuwa akipata maili zipatazo 2,050 kwa safari iliyotajwa, hivyo huenda hakuumia. Aliyeumia ni mtu wa katikati: anayetoka mbali na aliyelipa nauli ya wastani.

Hasara iliyowagusa wote ilikuja katikati ya mwaka huo huo, wakati jedwali la bei za tiketi za maili lilipoondolewa. Awali mwanachama aliweza kujua mapema kwamba safari ya kwenda Ulaya inahitaji maili kadhaa, naye akajiwekea lengo. Baada ya jedwali kuondolewa, bei ikawa inapanda na kushuka kwa kufuata mahitaji ya siku. Anayekusanya hajui tena anakusanya kuelekea wapi.

Flying Blue haikuwa ya kwanza. Delta ya Marekani iliondoa jedwali lake mwaka 2015, na United ikafanya hivyo mwaka 2019. Katika hoteli, kampuni ya Hilton, ambayo jina lake lilifika Mji Mkongwe kupitia hoteli ya DoubleTree, iliacha madaraja ya bei za pointi mwaka 2017.

Hyatt, yenye hoteli ya Park Hyatt iliyofunguliwa mwaka 2015 katika jengo la kale la Mambo Msiige, Shangani, ilibakisha jedwali lake. Hata hivyo, kuanzia Machi 2022 iliongeza bei ya juu kwa siku zenye wageni wengi na ya chini kwa siku tulivu. Katika kisiwa kinachojaa wageni mwezi wa Agosti na mwishoni mwa Desemba, si vigumu kukisia ni bei ipi itakayomkuta mwenye likizo za kawaida.

Kuna pia malipo yasiyosemwa sana. Tiketi inayoitwa ya bure kwa kawaida si ya bure: abiria hulipa kodi na ada za viwanja, na baadhi ya mashirika huongeza ada yao wenyewe juu yake.

Deni ndani ya vitabu

Sababu kubwa ya yote haya imo katika vitabu vya hesabu. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha hesabu kiitwacho IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 1, 2018, kampuni inayouza huduma na kutoa pointi haitakiwi kuhesabu malipo yote kuwa mapato siku hiyo hiyo. Sehemu inayolingana na thamani ya pointi hubaki kuwa deni hadi pointi zitumike au ziishe muda. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazofuata viwango hivyo.

Kwa hiyo kila pointi iliyolala kwenye simu ya mteja ni mzigo katika hesabu za kampuni. Ikitumika, kampuni inagharimika. Ikisahauliwa, deni hugeuka kuwa mapato. Wahasibu hukadiria mapema ni pointi ngapi hazitadaiwa kamwe, na makadirio hayo ni sehemu ya biashara yenyewe.

Upande wa pili ni kwamba pointi zenyewe zimekuwa bidhaa. Mashirika ya ndege huziuza kwa mabenki, nayo mabenki huzigawa kwa wenye kadi. Wakati wa janga la Uviko-19, ndege zilipokuwa zimeegeshwa, United ilipata dola bilioni 6.8 mwaka 2020 kwa kuweka rehani mpango wake wa maili. American Airlines ilifuata Machi 2021 kwa dola bilioni 10. Kampuni inayoweza kutengeneza kitu chenye thamani kiasi hicho bila kuchimba wala kulima ina kishawishi kikubwa cha kukitengeneza kwa wingi.

Unguja imewahi kuwa sehemu ya kisa kinachofanana na hicho. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg, miongoni mwao Hertz na baadaye O'Swald, waligundua kuwa kauri, ambazo wengine huziita simbi, zilipatikana kwa bei ndogo katika mwambao huu huku Afrika Magharibi zikitumika kama fedha. Walizipakia merikebuni kutoka Zanzibar kwa wingi usiokuwa na mfano na kuzibadilisha huko kwa mafuta ya mawese. Idadi ya kauri mikononi mwa watu ilipanda, na uwezo wake wa kununua ukaporomoka. Hadi kufikia mwisho wa karne hiyo, waliokuwa wameweka akiba yao ndani ya magunia ya kauri walibaki na magunia.

Tofauti ni kwamba kauri hazikuwa na tarehe ya mwisho. Mwishoni mwa mwaka 2022 Safaricom ilitangaza kwamba Bonga Points zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zingeanza kufutwa Januari 1, 2023. Wateja walizikimbilia, malalamiko yakawa mengi, na kampuni ikasitisha hatua hiyo. Ni mara chache wenye pointi kushinda mvutano wa namna hiyo, na pengine walishinda kwa kuwa walikuwa mamilioni na walizungumza kwa wakati mmoja.

Wenye kadi za Nakumatt hawakuwa na bahati hiyo. Kampuni hiyo ya maduka makubwa ya Kenya, ambayo mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ya kuifilisi. Wauzaji wa bidhaa na mabenki walikuwa wakidai mabilioni. Katika msururu wa namna hiyo, mwenye pointi za kadi ya dukani husimama mwisho kabisa, kama anasimama.

Hapo ndipo tofauti ya pointi na fedha za simu inapoonekana. Fedha zilizowekwa katika huduma hizo hulindwa na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, inayotaka kiasi kama hicho kiwekwe katika akaunti ya amana benki, mbali na mali za kampuni. Tigo Pesa ilianza hata kuwagawia watumiaji wake faida ya amana hiyo mwaka 2014. Pointi hazina amana na hazizai faida.

Sheria za kumlinda mtumiaji zipo. Mawasiliano ya simu na usafiri wa anga ni mambo ya Muungano, hivyo malalamiko yake huangukia kwa TCRA na TCAA, na Zanzibar ina sheria yake ya ushindani halali na ulinzi wa mtumiaji ya mwaka 2018. Uzito wa sheria za aina hii uko katika udanganyifu na matangazo ya kupotosha. Hazipangi bei ya pointi. Hata Marekani, mtindo huu ulikozaliwa, ni Septemba 2024 tu ambapo Wizara ya Usafirishaji iliyataka mashirika manne makubwa yaeleze jinsi yanavyopunguza thamani ya pointi.

Sokoni Darajani, mteja wa siku zote hupewa nyongeza yake papo hapo: embe moja juu ya fungu, akaondoka nayo mkononi. Mwenye pointi hulazimika kufuatilia kalenda. Kwa mfano, maili za Skywards za Emirates hudumu kwa miaka mitatu, na huisha mwishoni mwa mwezi aliozaliwa mwanachama.