Orodha ya zamani inavyoweza kumkosesha mkulima soko

MFANYABIASHARA wa mahindi wa Ludewa anayetuma bei zake kwa mnunuzi wa nje kwa baruapepe, kisha asipate jibu, hudhani amekataliwa. Huenda ujumbe haukufika kabisa. Wakati mwingine kinachozuia si vocha kwisha wala mnara kuwa mbali, bali orodha iliyopitwa na wakati katika mtambo wa upande wa pili.

Kila kifaa kinachoingia kwenye intaneti hutumia anwani ya namba. Mfumo wa anwani ulioenea zaidi una anwani takriban bilioni 4.3, zilizogawanywa kwa mafungu. Zamani, mafungu ambayo hayajagawiwa mtu hayakutarajiwa kutumika, na walioyatumia mara nyingi walikuwa matapeli. Ndiyo maana mafundi wa mitandao waliweka vichujio vya kuyazuia.

Tatizo ni kwamba orodha hizo zilitakiwa kusahihishwa kila fungu jipya lilipotolewa, na wengi walisahau. Ni sawa na mlinzi wa geti la mazao aliyeambiwa kwamba namba za magari zinaishia herufi D. Lori la viazi kutoka Njombe likifika Makambako na namba ya herufi E, iliyosajiliwa kihalali, yeye hulizuia huku viazi vikiharibika ndani ya magunia.

Afrika yaguswa

Suala hili liliigusa Afrika moja kwa moja. AFRINIC, taasisi inayogawa anwani barani humu, yenye makao yake Mauritius, ilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Aprili mwaka huo ilipewa fungu la anwani zinazoanza na 41. Yalifuata 197 mwaka 2008, 105 mwaka 2010 na 102 mwaka 2011. Mteja mwenye anwani mpya aliweza kukuta tovuti fulani haifunguki, wakati jirani yake mwenye anwani ya zamani anaifungua bila shida.

Kampuni iliyomuuzia huduma haikuweza kuondoa kizuizi hicho yenyewe, kwa kuwa kilikuwa kwa mtu mwingine. Ililazimika kumwandikia mwenye mtambo na kumwomba asahihishe orodha yake.

Februari 3, 2011 mafungu makubwa ya mwisho yaligawiwa taasisi tano za kanda duniani. Tangu hapo, kuzuia fungu zima kwa hoja kwamba halijagawiwa hakuna msingi, isipokuwa yale yaliyotengwa kwa kazi maalumu.

Hata hivyo, orodha za kuzuia hazijaisha. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mmoja akituma ujumbe wa kitapeli, anwani hiyo ikafungiwa, wasio na hatia nao hufungiwa.

Mambo ya kufanya

Tovuti moja ikigoma huku nyingine zikifunguka, jaribu laini ya kampuni nyingine. Ikifunguka, huenda kizuizi kinahusu anwani uliyotumia. Andika jina la tovuti, tarehe na saa, kisha peleka malalamiko kwa kampuni yako. Usiporidhika, nenda TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini.

Na mnunuzi aliyenyamaza apigiwe simu kwanza, kabla mzigo haujauzwa kwa bei ya hasara.