Moyo, pweza na kipimo cha presha

Mvuvi wa pweza wa Japani hutumbukiza baharini chungu chenye shingo nyembamba. Pweza huingia akidhani kapata nyumba. Chungu hicho huitwa takotsubo. Mwaka 1990 madaktari wa huko waliupa ugonjwa jina hilo: mtu aliyepatwa na msiba au mshtuko mkubwa analalamika maumivu ya kifua, mishipa ya moyo haijaziba, ila chumba cha kushoto kimetanuka chini na kubana juu kama chungu kile. Wengi ni wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona baada ya wiki kadhaa. Waswahili tulikwisha kusema kuwa moyo huvunjika. Kumbe huonekana hata kwenye picha!

Ni ugonjwa wa nadra. Nimeanza nao kwa sababu tukizungumzia afya ya moyo, wengi tunaishia kwenye mafuta. Utafiti wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52 na kuchapishwa mwaka 2004, uliweka msongo wa mawazo kapu moja na sigara, presha, kisukari na kitambi. Mambo tisa kwa jumla yalieleza zaidi ya asilimia 90 ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo.

Presha ndiyo inayonitia hofu, maana haiumi. Mtu akilala vizuri, hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 na mishipa ikapumua. Anayekesha na simu, au anayekoroma hadi pumzi inakatika, huikosa nafuu hiyo.

Chumvi nayo huipandisha presha! Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyojificha kwenye mkate, soseji na viungo vya paketi. Mtu anaacha chipsi kwa mbwembwe, kisha anamwagia kachumbari chumvi kama mvua.

Mazoezi hayahitaji jimu: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, ile ya kuweza kuongea lakini si kuimba.

Halafu kuna dawa za presha. Mgonjwa humeza vidonge hadi kipimo kisome 120 kwa 80, akafurahi na kuviacha: “Nimepona.” Kipimo hicho kimeshushwa na vidonge hivyohivyo. Kuvipunguza au kuviacha ni jambo la kuzungumza na daktari, si la kuamuliwa kitandani asubuhi unapojisikia mzima.